Elimu ya vidudu: hivi tunalipia nini hasa?

Waungwana, kuna karatasi imebandikwa kwenye nguzo ya umeme pale Mwanga, hatua chache kutoka sokoni, na kila nikipita naisoma upya kama vile nitakuta imebadilika. Inatangaza shule ya chekechea. Inapokea watoto kuanzia miaka miwili na nusu. Inafundisha kusoma, kuandika na kuzungumza Kiingereza. Usafiri upo. Nafasi ni chache, wahi. Basi. Hakuna neno hata moja kuhusu mwalimu ni nani, amesomea wapi, atakuwa na watoto wangapi, watacheza saa ngapi, watakula nini. Jina la shule silitaji, maana haiko peke yake. Tembea kutoka Gungu mpaka Ujiji uhesabu vibao, utaona wengi wanauza kitu kilekile, na kama wauzaji ni wengi hivyo basi ujue wanunuzi tupo.

Leo nataka tugombane kidogo juu ya hicho kitu kinachouzwa.

Tuanze na jina lenyewe. Wengi wetu tumekua tukisikia "shule ya vidudu", na tunacheka, tunaona ni utani wa mapenzi. Lakini kidudu ni nini? Ni kitu kidogo kinachotambaa, hakina akili, ukikiacha kinakula mahindi ya watu. Kwenye nyaraka za serikali wanaitwa wanafunzi wa awali, ila vichwani mwetu bado ni vidudu, na kidudu unakifungia mahali kisilete fujo mpaka kikue kiwe mtu. Ndiyo maana mara nyingi kazi ya kuwafundisha tunampa yeyote aliyebaki: binti aliyemaliza kidato cha nne akakosa pa kwenda, au mwalimu aliyechoka anayehesabu miezi ya kustaafu. Mwenye shahada anapelekwa kwa wakubwa. Hivi ungekuwa unajenga nyumba, msingi ungempa kibarua halafu fundi ukamweka kwenye madirisha?

Dada yangu anauza dagaa Kibirizi. Siku za giza anakuwa ufukweni kabla jua halijatoka, anasubiri mitumbwi irudi. Mwezi ukiwa mpevu anakaa nyumbani, maana dagaa hawafuati taa wakati mbingu nzima inang'aa, na siku hizo kila shilingi ina kazi yake. Mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, Mei 15 hadi Agosti 15, alikopa kwenye vikoba ili mwanawe asirudishwe nyumbani kwa kukosa ada. Shule yenyewe ni ya Kiingereza, moja ya hizo za kwenye nguzo.

Sasa huyo mpwa wangu, nyumbani kwa bibi yake Ujiji ni msemaji hasa. Atakueleza jinsi injini ya boti ilivyozima katikati ya ziwa, upepo ulivyotoka, nani alitapika, nani alijifanya halii, na mwisho atakutazama akuulize: "Mjomba, samaki wanalala saa ngapi?" Shuleni mtoto huyohuyo ni bubu. Akizungumza Kiswahili anavalishwa kibao shingoni, na Kiingereza hana. Kwa hiyo dada yangu anatoa fedha ya dagaa, tena ya mkopo, ili mtoto mwenye maneno mengi kuliko diwani anyamazishwe kuanzia asubuhi mpaka mchana.

Nilifungua daftari lake. Kurasa nyingi za herufi moja, imeandikwa kwa nukta ili afuatishe, halafu pembeni alama nyekundu ya vema. Ukurasa unaofuata herufi nyingine. Nilipomuuliza dada kama hili linamfurahisha, alinijibu kwa hasira kidogo: "Mdogo wangu, wewe umeshasoma, umeshafika. Unataka mwanangu abaki huku kwenye magunia?" Sina la kumlaumu. Ameona usaili wa kazi unafanywa kwa lugha gani, ameona watoto wa wakubwa wanasoma wapi, akapiga hesabu. Hesabu yake ya mwisho ni sahihi. Hatua ya kwanza ndiyo aliyouziwa mbovu.

Hapa ndipo watu huchomoa methali: samaki mkunje angali mbichi. Nimeisikia kwenye mahafali ya chekechea, mwenye shule ameshika kipaza sauti na watoto wa miaka mitano wamevalishwa majoho kama wanatunukiwa shahada, wengine wanasinzia juani. Jamani, sisi ni watu wa ziwa, tusidanganywe na methali ya samaki. Mgebuka unakunjwa ukiwa mbichi kwa sababu umeshakufa, na kazi iliyobaki ni kuukausha. Mtoto yupo hai. Ukimkunja atakunjika kweli, atakaa kimya, atafuatisha nukta, na wewe utafurahi kwamba amenyooka.

Mtoto wa umri huu anajifunza kwa kusema na kujibiwa. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote, na halina bei. Anahitaji mtu mzima ambaye akisikia "samaki wanalala saa ngapi" hatasema "nyamaza", atasema "wewe unaonaje?", kisha asubiri jibu, kisha ajibu jibu. Maneno ambayo mtoto anayo kichwani akifika miaka sita ndiyo atakayoyakuta kwenye kitabu cha darasa la kwanza. Mwenye nayo anasoma "mtumbwi" na kuuona mtumbwi. Asiye nayo anasoma sauti tupu, ba be bi bo bu, na anaweza kufika darasa la nne akiimba hivyohivyo bila kuelewa sentensi moja.

Tena anajifunza kwa mikono. Chukua mdako tuliocheza sote. Shimo dogo, kokoto kumi na kitu, jiwe moja la kurusha. Jiwe likiwa hewani unachota kokoto nje ya shimo, unalidaka. Unarusha tena, unarudisha zote unabakiza moja. Raundi nyingine unabakiza mbili. Humo ndani mna kutoa na kujumlisha, mna jicho na mkono kufanya kazi pamoja, mna kusubiri zamu, mna kukubali kwamba leo umeshindwa. Vidole vilivyocheza mdako na kufinyanga udongo kwa miaka miwili vikija kushika penseli havitetemeki. Kombolela nayo: mtoto aliyejibanza nyuma ya mchikichi akiziba mdomo asicheke anafanya mazoezi ya kujitawala, na mwalimu wa darasa la kwanza atakuambia kwamba anayeweza kujitawala kwa dakika kumi anafundishika. Halafu sisi tunalipa ada mtoto aondolewe kwenye mdako akafuatishe nukta!

Na wala hii si falsafa yangu ya kijiweni. Mtaala wa Elimu ya Awali uliotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania mwaka 2016 ulitaja umahiri sita, ukianza na kuhusiana na kuwasiliana, kisha afya, mazingira, sanaa na michezo, na stadi za awali za kihisabati. Uliwataka walimu wawe na kona za ujifunzaji darasani, mtoto achague, ashike, ajaribu. Serikali imeandika vizuri. Tatizo la nchi hii halijawahi kuwa maandishi.

Kabla sijaendelea, hizo shule zinazoandika "Montessori" ukutani. Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto Januari 6, 1907, katika mtaa wa San Lorenzo mjini Roma, mtaa wa vibarua, kwa ajili ya watoto wa maskini walioachwa peke yao mchana wazazi wakiwa kazini. Kwa maneno mengine, aliifungua kwa ajili ya watoto wa dada yangu. Wapo Tanzania walimu waliosomea kweli njia hiyo, na ukiingia darasani kwao unaona: kila kitu kipo kwenye kimo cha mtoto, mwalimu hapigi kelele. Lakini wengine wamechukua jina tu wakaliandika juu ya geti ili ada ipande. Ukiwauliza vifaa viko wapi wanakuonyesha bembea.

Najua wasomi wenzangu mnapenda Marekani itajwe ndipo hoja iwe hoja, basi naitaja. Kati ya 1962 na 1967, katika mji wa Ypsilanti, Michigan, watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani weusi waligawanywa: 58 wakapelekwa shule ya awali iliyoitwa Perry, 65 hawakupelekwa. Wakafuatiliwa mpaka utu uzima. Walipofika miaka 40, waliopita Perry walikuwa na kipato kikubwa zaidi na walikuwa wamekamatwa na polisi mara chache zaidi. Mchumi James Heckman, mshindi wa Nobel, amezunguka dunia na hesabu za Perry, na kila mwanasiasa anayetaka kukata utepe wa chekechea anazinukuu. Wanachosahau kusema ni kilichokuwa ndani: mwalimu mmoja kwa watoto sita hivi, mtoto anapanga mwenyewe atafanya nini, anafanya, kisha anaeleza alichofanya, na kila wiki mwalimu anakwenda nyumbani kwa mtoto kukaa na mama yake kwa saa moja na nusu.

Sasa sikiliza na upande wa pili, ambao haunukuliwi. Jimbo la Tennessee, hukohuko Marekani, lilikuwa na mpango mkubwa wa shule za awali za umma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt waliwafuatilia watoto karibu 3,000, wengine wakiwa wamepata nafasi kwa bahati nasibu na wengine wamekosa. Matokeo yaliyotoka 2022 yalionyesha kwamba kufikia darasa la sita, waliopata nafasi walikuwa nyuma ya waliokosa, kimasomo na kinidhamu. Nyuma! Watoto walipelekwa shule, wakatoka na hasara. Hata watafiti wenyewe walishtuka. Kwa hiyo "kupeleka mtoto chekechea" kwenyewe si dawa. Inategemea anakuta nini humo ndani. Kama anakuta kukaa kimya na kufuatisha nukta, afadhali angebaki na bibi yake Ujiji akauliza maswali ya samaki.

Lakini kwa nini twende mbali? Mombasa, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazazi wa Kiislamu waliona watoto wao wanaachwa nyuma katika kupata nafasi kwenye shule nzuri za msingi. Walitaka watoto wasome wafaulu bila kupoteza dini na utamaduni wao. Wakafikisha jambo hilo kwa Aga Khan. Mwalimu mmoja, Bi. Swafiya Said, akaanza kazi na mwaka 1986 shule ya kwanza ya awali ya mpango wa Madrasa ikafunguliwa. Mwaka 1990 ukafika Zanzibar, 1993 Uganda. Hawakuagiza walimu kutoka nje, walichukua akina mama wa mtaani wakawafundisha. Hawakununua midoli ya plastiki, walitumia vifuu, mbegu, vitambaa, maboksi. Kamati ya mtaa ndiyo iliyoendesha shule. Hadithi na nyimbo zilikuwa za Kiswahili cha nyumbani, dini nayo ikiwemo. Mwaka 2008 Mwaura, Sylva na Malmberg walichapisha utafiti wao wa nchi hizo tatu: watoto waliosoma shule za awali za aina yoyote waliwazidi waliobaki nyumbani, na wa Madrasa waliwazidi waliosoma shule nyingine za awali.

Nauliza hivi, ni mji gani wa bara unaofaa kitu hicho kuliko Ujiji? Ujiji una vyuo vya Kurani vya siku nyingi. Mtoto wa Ujiji anakwenda chuoni kabla hajajua kufunga viatu. Mkubwa anamfundisha mdogo, ada ni ndogo, mwalimu anajulikana na mtaa mzima na baba wa mtoto anajulikana na mwalimu. Ndiyo, najua na kiboko kipo, na watoto arobaini kwenye mkeka mmoja wapo, sipambi. Ninachosema ni kwamba imani ya wazazi ipo tayari, jengo lipo tayari, saa za asubuhi zipo. Kinachokosekana ni mafunzo kwa mwalimu na kikapu cha vifaa. Badala yake mgeni akija Ujiji tunampeleka kwenye mnara wa Livingstone tukamwonyesha mahali Stanley alipovua kofia mwaka 1871. Sawa. Mzungu alimsalimia mzungu mwenzake. Watoto wa hapo jirani je?

Sasa nigeukie shule za serikali, msije mkasema nimetumwa na wanaochukia shule binafsi. Sera ya Elimu ya 2014 ilisema elimu ya awali ni ya lazima, kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Waraka Namba 5 wa 2015 ukafuta ada na michango kuanzia Januari 2016. Watoto wa awali nchini wakaongezeka kutoka milioni 1 na kidogo mwaka 2015 hadi zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2016. Ni jambo jema, mimi nimeandika habari za watoto waliokuwa wanafukuzwa kwa mchango wa dawati na sitaki turudi huko. Lakini kiwango cha serikali yenyewe ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na kwenye shule za umma wastani wa taifa ulivuka 100.

Mia moja. Ukitaka kujua maana yake, panda boti Kibirizi uende kaskazini, kwenye vijiji ambavyo mlima unashuka mpaka majini na barabara hakuna. Nimekaa nyuma ya darasa la awali huko. Sijui kama naweza kuliita darasa. Watoto walikaa sakafuni wamebanana kama dagaa kwenye kichanja, mwalimu mmoja mbele ameshika fimbo, si kwa ukatili, ni ya kuonyeshea ubaoni. Akisema "a", ukuta unatetemeka kwa "a". Mtoto mmoja alikuwa ananyoosha mkono tangu nilipoingia mpaka nilipotoka. Mwalimu hakumwona, na hangeweza kumwona. Pale hakuna kusema na kujibiwa, kuna kuitikia tu.

Tunajua kujenga, hilo tupewe. Oktoba 2021 zilipokuja fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3, yalijengwa madarasa 15,000 nchi nzima, 3,000 kati yake kwenye vituo shikizi, vile vituo vya watoto wanaoishi mbali na shule mama. Kituo shikizi ni ukombozi kwa mtoto wa miaka mitano ambaye hawezi kutembea kilomita sita akavuka mto wa masika. Lakini darasa linapigwa picha na mwalimu hapigwi picha. Mkuu akija anakata utepe mlangoni, anasoma idadi ya mifuko ya saruji, anaondoka. Sijawahi kuandika habari ya kiongozi aliyefika kituo shikizi akauliza nani anaongea na watoto humu.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba Kigoma jibu tumeshalishika mkononi. Kuanzia 2014 mkoa wetu ulikuwa kwenye EQUIP-Tanzania, mradi uliolipiwa na Uingereza. Mwaka 2015 ukaanzisha mpango wa Utayari wa Kuanza Shule, kwa watoto waliokuwa wanakaribia darasa la kwanza bila kupita awali. Wiki 12 mwanzoni, baadaye 16. Msaidizi alikuwa mtu wa palepale, amechaguliwa na jamii yake, amepewa mafunzo na vitabu vya hadithi. Michezo, nyimbo, hadithi, kuhesabu vitu vya kushika.

Wa Dar msioijua Kigoma, hebu elewa kwa nini "mtu wa palepale" ni neno zito. Ujiji mtoto anazaliwa kwenye Kiswahili. Ukipanda Kasulu, Buhigwe, Kibondo, Kakonko, mtoto anazaliwa kwenye Kiha. Anafika shule mwalimu ametoka mkoa mwingine, hajui hata kuitikia "mwakeye", anaanza kufundisha kwa Kiswahili ambacho mtoto amekisikia redioni tu. Mtoto anakaa kimya, mwalimu anaandika "mzito". Si mzito! Msaidizi wa kijijini anamsikia, anamjibu kwa Kiha, kisha anamvusha taratibu kwenda kwenye Kiswahili, kama unavyomvusha mtu kwenye mtumbwi, mguu mmoja kwanza. Naelewa tunavyoogopa lugha za makabila madarasani, na sababu zake za kihistoria naziheshimu. Lakini wiki kumi na sita za kumvusha mtoto hazivunji taifa. Unaona ajabu yake? Kasulu tunamnyima mtoto daraja la kuingia kwenye Kiswahili, Mwanga tunalipia daraja la kumtoa kwenye Kiswahili, na pande zote mbili mtoto amenyamaza.

Sina ugomvi na Kiingereza, msinielewe vibaya. Mpwa wangu atakihitaji na nitamnunulia vitabu mwenyewe. Kifundishwe kama lugha, kwa nyimbo na picha, na mwalimu anayekijua, maana wengine Kiingereza chao wenyewe kinachechemea. Lugha ya pili inajengwa juu ya ya kwanza. Ukibomoa ya kwanza, ya pili utaijenga juu ya nini?

Mradi ulifika mwisho 2020, kama miradi yote. Desemba 2021 ikazinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya miaka mitano. Nyaraka zake ni nzuri tena. Ila mtoto akiwa na miaka mitatu kwenye kituo cha kulelea watoto mchana yupo chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii; akiingia awali sera ni ya Wizara ya Elimu na shule ni ya TAMISEMI; akiugua ni wa Wizara ya Afya. Kila mmoja ana semina yake.

Najua jibu la halmashauri: fedha hakuna. Hapo ndipo nabisha. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na zinatenga, kwa sababu sheria imesema na mkaguzi anauliza. Hakuna anayeuliza juu ya posho ya msaidizi wa awali. Samaki na dagaa wanaotoka kwenye mialo yetu wanalipiwa ushuru. Dada yangu anaujua ushuru kuliko anavyoujua wimbo wa taifa. Posho ya kijana mmoja wa kidato cha nne, aliyepata mafunzo, anayekaa na watoto 25 asubuhi wakati mwalimu anakaa na 25 wengine, ni kitu ambacho halmashauri inaweza kukihesabu mchana mmoja. Malawi, majirani zetu wa Ziwa Nyasa, walifanya utafiti kwenye vituo 199 vya watoto vya jamii, matokeo yakachapishwa 2018: kumwongezea mwalimu motisha ya fedha peke yake hakukuwasaidia watoto, kilichowasaidia ni mwalimu kupewa mafunzo pamoja na wazazi kupewa mafunzo. Kwa hiyo sisemi tumwage hela. Nasema mafunzo, msaidizi, na mzazi aitwe shuleni kwa jambo jingine zaidi ya mchango wa uji.

Na wewe mwenye mtoto, au utakayekuwa naye mwakani, ukienda kuikagua shule usiangalie rangi ya ukuta wala katuni iliyochorwa getini. Simama nje ya dirisha dakika kumi usikilize. Ukisikia sauti moja kubwa na kwaya inaitikia, ondoka. Ukisikia kelele ndogondogo nyingi, huyu anabishana na yule juu ya kibao, yule anamweleza mwalimu habari ya mbuzi wao na mwalimu anauliza "halafu ikawaje?", hapo ulizia ada. Uliza mwalimu ana watoto wangapi. Uliza amekaa shule hiyo miaka mingapi, maana mwalimu anayelipwa vibaya haondoki peke yake, anaondoka na mazoea ya watoto wote. Uliza mtoto akisema Kiswahili anafanywa nini.

Dada yangu nimemwambia haya yote, Jumapili, tukiwa tunapekua mawe kwenye dagaa. Hajakubali. Amesema atafikiria muhula ukiisha, na kwamba nikiwa na mtoto wangu ndiyo nitajua. Mpwa wangu alikuwa pembeni anapanga dagaa kwa ukubwa kwenye kipande cha boksi, wadogo huku, wakubwa kule, bila kuambiwa na mtu.

Madiwani wa Manispaa ya Kigoma Ujiji wakikaa tena kupitisha bajeti nitakuwa kwenye benchi la waandishi kama kawaida. Makabrasha huwa mazito, na fungu la ujenzi wa madarasa halinipi shida kulipata. Safari hii naomba diwani mmoja tu, wa chama chochote, anyanyuke aulize: waheshimiwa, fungu la wasaidizi wa madarasa ya awali liko ukurasa wa ngapi?